Mwigizaji Anayejua Kunyamaza

Kaa kwenye kibanda umiza cha Mwanjelwa, Mbeya, au cha Ipogolo, Iringa, siku inayoonyeshwa filamu ya Kibongo, kisha uwasikilize watazamaji. Mwigizaji wa kike hupimwa kwa machozi. Akilia mpaka kamasi zimtoke, huyo ameiva. Akijifuta kwa kitenge na macho makavu, atazomewa hadi mwenye kibanda aingilie kati. Kipimo hicho hakikuletwa na televisheni. Aliyekulia Rungwe au Kyela ameona misiba tangu akiwa anabebwa mgongoni, na anajua kutofautisha kilio cha mwenye uchungu na kilio cha aliyekuja kuonekana. Godfrey Wilson, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wanyakyusa wa huko miaka ya 1930 pamoja na mkewe Monica, aliandika kwa kirefu jinsi walivyozika: wanawake wakiomboleza, wanaume wakicheza ngoma ya vita uwanjani, na kadiri ngoma ilivyokolea ndivyo huzuni ilivyochanganyika na ushujaa, hata na uchangamfu wa vijana. Watu wenye urithi huo huwezi kuwahadaa kwa machozi ya kitunguu.

Kwa hiyo najua ninabishana na kibanda kizima ninapomsifu mwigizaji ambaye kazi yake kubwa katika filamu ni kukaa kimya.

Namzungumzia Amandina Lihamba. Wengi wanamjua kama profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wetu wanalijua jina lake kutoka kwenye majalada ya vitabu. Alizaliwa mwaka 1944, na Azimio la Arusha la 1967 lilikikuta kizazi chake ndipo kinaingia ukubwani. Hicho ndicho kizazi kilichoulizwa, tena kwa ukali, sanaa yake ina faida gani kwa mkulima. Majibu ya Lihamba ya maandishi yapo: Hawala ya Fedha ya mwaka 1980, aliyoitoa kwenye hadithi ya Sembene Ousmane wa Senegal, Harakati za Ukombozi ya 1982, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, na Mkutano wa Pili wa Ndege ya 1992. Shahada yake ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1985, kwa utafiti kuhusu siasa na maigizo nchini Tanzania baada ya Azimio. Haya yote yanasomeka kwenye wasifu wowote, nami sitayarudia. Ninachosikitikia ni kwamba uprofesa umemfunika mwigizaji. Tunamtaja kwa alichoandika, na kwa nadra sana tunataja alichofanya kwa mabega, shingo na pumzi.

Tuanze na alikojengewa huo mwili. Miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa wasanii wa kundi la Paukwa, walimu na wasanii waliotaka jukwaa linalonuka vumbi la hapa. Katika miaka hiyohiyo yeye na wenzake, Penina Muhando akiwa mmojawapo, walikwenda vijijini na kile kinachoitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo: Malya kule Kwimba, Msoga upande wa Pwani, na kwingineko. Utaratibu wao haukuwa wa kushuka kwenye gari, kuonyesha mchezo na kuondoka. Walikaa na wanakijiji, wakauliza kinachowasumbua, wakayajadili, kisha wanakijiji wenyewe wakayatia kwenye ngoma zao, nyimbo na vichekesho. Yaliyotokea Malya yalikuwa mambo ambayo kila kijiji cha Tanzania kinayajua: vijana wasio na kazi, wizi, wasichana wanaopata mimba wakiwa shuleni. Baada ya onyesho watu hawakutawanyika. Mjadala uliendelea.

Fikiria mwigizaji anayefanya kazi katika mazingira hayo. Hakuna pazia, hakuna giza la ukumbi la kumkinga. Jua liko utosini. Mtoto anapita katikati ya uwanja, mzee anakohoa, mama mmoja anainuka katikati ya mchezo na kusema, "Hapana, haikuwa hivyo, mwanangu." Aliyekariri maneno yake na kusubiri zamu ya kuyatoa ameumbuka hapohapo. Anayesalimika ni yule anayesikiliza kwa mwili mzima, kwa sababu hajui jibu litatoka upande gani. Mimi naamini huko ndiko Lihamba alikopata silaha yake kuu. Mwigizaji wa namna hii anapokaa mbele ya mwenzake, humwoni akisubiri. Unamwona akipokea.

Kuna kasoro inayowaandama watu wa jukwaani wakienda kwenye filamu. Wamezoea kupeleka sauti hadi benchi la nyuma, kupanua mkono ili aliye mbali auone, kuinua nyusi ili hata asiyevaa miwani aelewe. Kamera inawakuta na ukubwa huo ikiwa imesogea karibu kabisa na uso, na mtazamaji anajisikia anapigiwa kelele. Filamu zetu nyingi za miaka ya karibuni zina kasoro hiyo hata kwa wasiowahi kupanda jukwaani. Naona wameirithi kwenye vichekesho vya televisheni. Lihamba alikwenda kinyume. Alipoingia kwenye filamu, alipunguza.

Aliingia kwa njia ya Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Ni habari ya mwanamke kijana anayeugua maradhi yasiyosikia dawa ya hospitali. Mumewe anataka kumpeleka kwa mganga wa jadi, na yeye waganga anawaogopa kwa jambo lililotokea utotoni. Mwaka uliofuata ikaja Mama Tumaini ya Martin Mhando na Sigve Endresen wa Norwei. Lakini kazi ninayoirudia tena na tena ni Maangamizi, ya Mhando na Mulvihill, ambayo mwaka 2001 ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kwenye mashindano ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Haikushinda. Kwa mwigizaji hilo si kitu.

Katika Maangamizi Lihamba anakuwa Samehe, mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambaye hajatamka neno kwa miaka 20. Utotoni aliona jambo la kutisha lililompata mama yake, na tangu hapo akajifungia ndani. Anakuja daktari kutoka Marekani, Asira, mwanamke mweusi, msomi, ambaye naye ana kidonda cha ukoo wake alichokifunika kwa koti la udaktari. Na yupo bibi wa mizimu, Maangamizi mwenyewe, aliyechezwa na Mwanajuma Ali Hassan, anayewajia wote wawili. Asira amechezwa na BarbaraO, mwigizaji Mmarekani ambaye wapenzi wa filamu za watu weusi wanamkumbuka kwa Bush Mama ya Haile Gerima na Daughters of the Dust ya Julie Dash ya mwaka 1991.

Hebu tuitazame kazi aliyopewa. Asira ana maneno: anauliza, anaeleza, anabishana na wakubwa wa hospitali. Samehe ana ukimya. Mwigizaji wa kawaida akipewa bubu wa namna hii ana njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kumfanya mwehu: kutoa macho, kutikisa kichwa, kukuna nywele. Ya pili ni kumfanya sanamu, akae tu akitazama ukuta mpaka filamu iishe, na wahakiki waseme ana kina. Lihamba hakupita kokote. Ukimya wake una mtu ndani. Daktari akiingia, unaona kuwa amemsikia kabla hajamtazama. Akiulizwa swali, unaona swali limefika, limepimwa, na limekataliwa. Hilo la kukataliwa ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linatakiwa lionekane bila ishara. Mtazamaji anatoka na hakika kwamba mwanamke huyu ana la kusema, na kwamba kutosema ni kazi anayoifanya kila dakika, tena kazi inayomchosha.

BarbaraO naye anastahili haki yake. Ukimya hauchezwi na mtu mmoja. Ni sharti aliye mbele yake auulize kweli, auhitaji, aukasirikie. Wakiwa pamoja, wanawake hawa wawili wanaonyesha jambo ambalo waongozaji wetu wengi wanaliogopa: kamera ikikaa bila kukatwa juu ya mtu anayesikiliza, mtazamaji hachoki. Anasogea mbele kwenye kiti.

Kando kidogo: nadhani filamu hii haiwezi kuonyeshwa kwenye kibanda umiza chenye DJ wa kutafsiri. DJ mzuri ni fundi wa kweli, simdharau. Wapo wanaoigeuza filamu ya Kichina ikawa habari ya mtaani kwetu mpaka ukasahau Kichina. Lakini DJ halipwi anyamaze. Akifika kwa Samehe atamwekea maneno mdomoni, na hapo kazi yote imekufa.

Nimewahi kuulizwa kama hii sifa ya ukimya si tabia ya wasomi kuridhika na kisichoeleweka. Nikajibu kwa mfano wa mbali, nao unatuhusu kuliko unavyofikiriwa. Mwaka 1951 Katharine Hepburn, mwigizaji wa jukwaa na filamu ambaye Wamarekani walimweka kwenye daraja la juu kabisa, alikuja Afrika kupiga filamu ya The African Queen. Walipigia Kongo kwenye mto Ruiki, kisha Uganda, lakini hadithi yenyewe imewekwa kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, vita ilipoanza. Ni vita ileile iliyofika huku mwaka 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipoingia kutoka Nyasaland, yakachukua Tukuyu na mwezi Agosti yakafika Iringa. Meli ya Kijerumani inayowindwa katika hadithi ina ndugu yake wa kweli, Graf von Götzen, ambayo baadaye ikaitwa Liemba na kuhudumia abiria wa Ziwa Tanganyika hadi bandari ya Kasanga. Basi Hepburn alicheza Rose, mwanamke wa misheni aliyefiwa na kaka yake, na mwanzoni alimchezea uso wa kununa, kavu. Mwongozaji, John Huston, akamwendea na shauri moja tu: amkumbuke Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alivyokuwa akitabasamu alipowatembelea askari majeruhi hospitalini. Hepburn aliandika baadaye, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu filamu hiyo, kwamba hajawahi kupewa maelekezo bora kuliko hayo. Tabasamu moja likambeba Rose mzima, mtoni, kwenye maporomoko, hata tope lilipomfika kifuani. Hakupewa kilio wala hotuba.

Na Hepburn huyo, kabla ya kuja mtoni, alikuwa ametoka kwenye jukwaa la New York mwaka 1950 akicheza Rosalind wa Shakespeare; na mwaka 1952, filamu ikiwa tayari imeshatoka, alikuwa jukwaani London. Tuzo nne za Oscar hazikumtoa jukwaani. Waigizaji wa daraja hilo wanarudi kwenye mbao kwa sababu huko ndiko mwili unakonolewa. Lihamba alirudi kwa njia yake: kufundisha, kuongoza mradi wa sanaa za maonyesho kwa watoto, na mradi wa TUSEME wa miaka ya 1990, uliowapa wasichana wa sekondari jukwaa la kuyasema wenyewe yanayowasibu.

Mimi nafundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hapa Iringa, na suala hili ninakutana nalo darasani. Kwa miaka mingi Kidato cha Tano na cha Sita wamesoma Nguzo Mama ya Penina Muhando. Habari yake inajulikana: wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kusimamisha nguzo, na kila mmoja ana la kumvuta nyuma. Mwanafunzi mzuri atakuorodheshea dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi bila kupumua, na ukimuuliza nguzo ile ina uzito gani, atakutazama kana kwamba umemuuliza uzito wa dhamira.

Basi siku moja tukalipeleka swali hilo bwaloni. Tuliazima gogo la msonobari, hayo yanayopita kwenye malori kutoka Sao Hill kila siku ya Mungu, na wasichana wakaambiwa walinyanyue kwa pamoja mpaka lisimame. Vicheko vilikuwa vingi mpaka gogo lilipofika magotini. Hapo vikakatika. Mmoja akasogeza mguu wa kulia nyuma bila kuambiwa. Mwingine akabana midomo. Aliyekuwa mwisho akaanza kuwahesabia wenzake kwa sauti ya chini, na hesabu hiyo ikawa wimbo. Gogo liliposimama nikaliondoa, nikawaambia warudie bila gogo. Mara ya kwanza walinyanyua upepo kwa mikono miepesi, kama watu wanaotundika pazia. Nikawaomba wakumbuke mguu wa kulia. Ukarudi. Mgongo ukafuata mguu, shingo ikafuata mgongo, na yule wa mwisho akaanza tena kuhesabu. Wenzao waliokaa kwenye meza za bwalo walinyamaza. Nguzo ilikuwepo.

Baadaye tulijaribu zoezi jingine lililo karibu zaidi na Samehe: unakaa kwenye kiti, unapokea simu yenye habari ya msiba, huruhusiwi kulia wala kusema. Wavulana wote walishika kichwa kwa mikono miwili, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyofanya kwenye filamu. Msichana mmoja kutoka Makete hakushika kichwa. Aliiweka simu mezani taratibu, uso wa simu ukitazama chini, kisha akaanza kunyoosha mkunjo wa sweta lake la shule, akaunyoosha, akaunyoosha tena, hata pale palipokuwa pameshanyooka. Nilipomuuliza alikoipata hiyo, alisema ndivyo bibi yake alivyofanya. Alimwona.

Hapo ndipo ufundi unapoanzia. Mwigizaji anatazama kwanza. Kulia na kusema kunakuja baadaye, na mara nyingine hakuji kabisa. Msichana yule ana kipaji, sawa, lakini alichotuonyesha kilikuwa kumbukumbu iliyotunzwa kwa umakini, na umakini unafundishika. Lihamba alifundisha kizazi baada ya kizazi chuoni pale Mlimani, na wanafunzi wake wameenea nchi nzima, wengine wakiwa walimu wa shule kama zetu. Ikiwa kuna deni tunalodaiwa huku kusini, ni kwamba tumemchukua mwandishi na mtafiti, tukamwacha mwigizaji. Tunayo Mukwava wa Uhehe ya Mulokozi, tamthiliya iliyotoka 1979 kuhusu Mkwawa, mtu wa Kalenga, kilomita chache kutoka hapa ninapoandika. Naisikia zaidi ikitajwa kwenye maswali ya mtihani kuliko jukwaani.

Upande mwingine nakubaliana na watu wa kibanda umiza. Machozi si aibu ya sanaa. Kwa Wanyakyusa kilio ni ufundi wenye taratibu zake, na mwigizaji atakayekileta kwenye filamu kwa ukamilifu wake, pamoja na ile ngoma ya uwanjani, atakuwa ametenda jambo kubwa. Ninachobishia ni kudhani kwamba machozi ni ushahidi. Uso wa Samehe unaonyesha uchungu mwingi kuliko filamu kumi za kulia, na hakuna anayeweza kuushitaki kwa kitunguu.

Mwalimu mwenzangu wa Mbeya, Njombe au Iringa: itafute Maangamizi, azima projekta, wakusanye Kidato cha Tano bwaloni jioni wakiwa na masweta yao. Usiisimamishe katikati ili ueleze. Ikiisha, usiulize dhamira. Waambie kila mmoja aonyeshe, bila neno, jambo moja alilomwona Lihamba akilifanya kwa mikono. Dhamira waandike kesho yake.